Je, Wajua? Akiba Ikipotea, Mdhibiti Anashtakiwa?

Je, wajua kuwa hotuba ndefu kuliko zote katika historia ya mahakama za Uingereza ilitolewa kuitetea benki kuu dhidi ya watu waliopoteza akiba zao? Wakili Nicholas Stadlen alisimama kwa niaba ya Benki Kuu ya Uingereza akazungumza kwa siku 119 za mahakama. Kabla yake, wakili wa wadai, Gordon Pollock, alikuwa ametumia siku 80. Zote mbili zilikuwa hotuba za ufunguzi tu.

Kesi hiyo inaitwa Three Rivers dhidi ya Benki Kuu ya Uingereza. Three Rivers ni halmashauri ndogo ya wilaya katika jimbo la Hertfordshire, kaskazini-magharibi mwa London, na imepewa jina hilo kwa sababu ya mito mitatu inayokutana huko: Chess, Gade na Colne. Halmashauri hiyo ilikuwa moja tu kati ya wadai zaidi ya 6,000, lakini jina lake ndilo lililotangulia kwenye hati ya madai. Leo mwanafunzi wa sheria kuanzia Nairobi hadi Sydney analijua.

Benki iliyowaunguza wote hao ni BCCI. Ilianzishwa mwaka 1972 na Agha Hasan Abedi, mwanabenki wa Pakistan aliyekuwa na ndoto ya kujenga benki kubwa ya dunia kwa ajili ya watu wa nchi zinazoendelea. Ilisajiliwa Luxembourg, ikawa na kampuni nyingine visiwani Cayman, na huku shughuli zake nyingi zikiongozwa kutoka London. Katika kilele chake ilikuwa na matawi zaidi ya 400 katika nchi zipatazo 70. Muundo huo ulikuwa na hatari yake: mdhibiti wa kila nchi alikiona kipande chake tu, na hakuna aliyeiona benki nzima. Benki Kuu ya Uingereza iliipa BCCI leseni mwaka 1980, ikawa inaitegemea Luxembourg kama msimamizi mkuu, wakati Luxembourg yenyewe haikuwa na uwezo wa kufuatilia benki ambayo biashara yake karibu yote ilikuwa nje ya mipaka yake.

Tarehe 5 Julai 1991, siku ya Ijumaa, wadhibiti wa nchi kadhaa waliifunga kwa pamoja. Ripoti ya wakaguzi wa hesabu wa Price Waterhouse, iliyoandikwa kwa jina la siri "Sandstorm", ilikuwa imeeleza udanganyifu wa miaka mingi: mikopo ya uongo, hasara zilizofichwa, vitabu vilivyopikwa. Wenye maduka wa jamii za Kiasia nchini Uingereza walikuta milango imefungwa. Huko Scotland, halmashauri ya Visiwa vya Magharibi, eneo maskini la wavuvi na wafugaji, ilikuwa imeweka pauni milioni 23 katika benki hiyo.

Swali la wenye amana lilikuwa jepesi na la haki: kwa nini msimamizi aliyetoa leseni hakuona, au kama aliona, kwa nini alikaa kimya?

KWA NINI HAWAKUDAI UZEMBE

Je, wajua kuwa wateja wa BCCI hawakuruhusiwa hata kulileta dai la uzembe mbele ya jaji? Sheria ya Benki ya Uingereza ya mwaka 1987 ilisema wazi kwamba Benki Kuu na maofisa wake hawatalipa fidia kwa jambo walilolifanya au walilolikosa kulifanya katika kusimamia mabenki, isipokuwa ithibitishwe kuwa walikuwa na nia mbaya. Kuchelewa, kupuuza barua au kusoma ripoti vibaya hakukutosha.

Mawakili wakalazimika kupita mlango mwembamba zaidi, yaani dai la matumizi mabaya ya mamlaka ya umma. Ni dai la kale, lenye mizizi katika kesi ya mwaka 1703 ya mpiga kura wa Aylesbury aliyenyimwa haki yake ya kupiga kura. Kulithibitisha ni kazi nzito. Mdai lazima aonyeshe kwamba ofisa alijua anavunja sheria na alijua watu wataumia, au kwamba alijua hatari hiyo ipo akaamua kutojali. Kwa maneno mengine, anatakiwa kuthibitisha ukosefu wa uaminifu ndani ya taasisi yenye heshima kubwa kuliko nyingi nchini.

Madai yalifunguliwa mwaka 1993. Yalipanda na kushuka ngazi za rufaa hadi Baraza la Mabwana, lililokuwa mahakama ya mwisho wakati huo, na mwaka 2001 majaji watatu dhidi ya wawili waliruhusu kesi isikilizwe. Usikilizwaji ukaanza Januari 2004 mbele ya Jaji Tomlinson. Njiani kesi ilizaa hukumu nyingine maarufu ambazo hazihusu benki kabisa bali siri baina ya wakili na mteja wake. Mawakili wengi hulijua jina la Three Rivers kwa sababu hiyo tu.

Kisha, tarehe 2 Novemba 2005, wafilisi wa BCCI, waliokuwa wakiiendesha kesi kwa niaba ya wenye amana, waliachana nayo. Mahakama iliyosimamia ufilisi ilikuwa imeona kwamba kuendelea hakukuwa tena kwa faida ya wadai wa benki. Jaji Tomlinson aliikemea kesi hiyo vikali, na wafilisi wakailipa Benki Kuu zaidi ya pauni milioni 70 za gharama. Hakuna mwenye amana aliyepata hata senti moja kutokana na shauri hilo la miaka 12.

Jambo la kutazamwa kwa makini ni hili: wakati kesi ile ikiteketeza fedha, wafilisi walewale walikuwa wakizikusanya kwa njia nyingine. Waliwafuatilia wadeni, wakafanya makubaliano na serikali ya Abu Dhabi, iliyokuwa mwanahisa mkuu, wakauza mali nchi baada ya nchi. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba wateja wangeambulia asilimia chache tu ya fedha zao. Mwishowe walirudishiwa zaidi ya robo tatu. Kazi hiyo ya kimya ya wahasibu haikuandikwa sana magazetini, ingawa ndiyo iliyorudisha akiba za watu.

KONOKONO NA JIRANI

Sheria ya uzembe tunayoizungumzia ilipata sura yake ya sasa kwa sababu ya konokono. Mwaka 1928, katika mgahawa mmoja mjini Paisley, Scotland, mwanamke alikunywa kinywaji cha tangawizi, na rafiki yake alipommiminia kilichobaki, yakatoka mabaki ya konokono aliyeoza. Kinywaji kilinunuliwa na rafiki, kwa hiyo mwanamke huyo hakuwa na mkataba na yeyote. Mwaka 1932 Baraza la Mabwana lilisema mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu hata hivyo, na Lord Atkin akaweka kipimo cha "jirani": yule ambaye kitendo chako kinaweza kumgusa kwa karibu kiasi kwamba ulipaswa kumfikiria kabla hujatenda.

Tangu hapo, kila kesi dhidi ya mdhibiti huzunguka swali hilohilo. Je, mtu aliyeweka akiba katika kampuni yenye leseni ni jirani wa aliyetoa leseni?

Jibu zito kuliko yote lilitoka Hong Kong. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni iliyoitwa American and Panama Finance ilikuwa imesajiliwa rasmi kupokea amana. Ilianguka na fedha za watu. Wateja walimshtaki kamishna aliyesimamia kampuni za aina hiyo, wakisema alijua au alipaswa kujua kwamba inaendeshwa kitapeli, na kwamba usajili wake ndio uliowapa imani. Shauri lilifika hadi Baraza la Faragha mjini London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Uingereza, na mwaka 1987 wakashindwa.

Lord Keith alieleza kwamba kuona madhara yanakuja hakutoshi peke yake kumfanya mtu adaiwe. Ingekuwa hivyo, alisema, mtu angewajibika kwa uzembe kwa sababu tu alimwona mwenzake anatembea kuelekea ukingo wa genge, macho yake juu, asimpigie kelele. Kamishna hakuwa na uwezo wa kuiendesha kampuni siku hadi siku. Alichokuwa nacho ni rungu la kuifutia usajili. Na hapo pana mtego wa kweli, ambao naona watu wengi wenye hasira hawaupimi. Ukiifunga kampuni leo, unawaokoa wale ambao wangeleta fedha kesho, lakini unawazamisha wale ambao fedha zao ziko ndani tayari. Mdhibiti anawajibika kwa makundi yote mawili, na hayawezi yote kufurahi.

Miaka michache baadaye Baraza hilo lilitoa jibu hilohilo kwa wateja wa benki ya Savings and Investment ya kisiwa cha Man, iliyoanguka mwaka 1982.

Sisi wa Afrika Mashariki hukumu hizo zinatuhusu kuliko tunavyodhani. Kenya ilipokea sheria za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, Uganda tarehe 11 Agosti 1902, na Tanganyika tarehe 22 Julai 1920. Hukumu zilizotolewa London baada ya tarehe hizo haziwafungi majaji wetu, lakini husomwa na kunukuliwa mahakamani kwetu kama mwongozo wenye uzito.

MLIPA KODI ASIYEKUWAPO

Kanada nayo? Mwaka 2001 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo iliamua kesi ya Cooper dhidi ya Hobart. Kampuni ya Eron Mortgage ya British Columbia ilikuwa imechukua fedha za wawekezaji zaidi ya 3,000 kwa mikopo ya majengo. Msajili wa mawakala wa mikopo hiyo alisimamisha leseni yake Oktoba 1997, na wawekezaji wakasema alichelewa kwa zaidi ya mwaka. Mahakama ilisema wajibu wa msajili ni kwa umma wote, si kwa mwekezaji mmoja mmoja, na kwamba kuamua vinginevyo kungemgeuza mlipa kodi, ambaye hakuwahi kuulizwa, kuwa bima ya hasara za watu binafsi.

Hoja hiyo ina nguvu. Mama lishe anayelipa kodi kwenye kila kilo ya sukari hana sababu ya kufidia kamari ya mwenye fedha. Lakini wengi wa waliopoteza katika visa hivi hawakuwa wacheza kamari. Walikuwa wastaafu waliotazama cheti ukutani wakaamini kwamba serikali imekwisha kukagua.

MWONYAJI ALIYEPUUZWA

Je, wajua kuwa tume ya masoko ya mitaji ya Marekani, SEC, ilipokea malalamiko sita mazito juu ya tapeli wa uwekezaji Bernard Madoff kati ya mwaka 1992 na 2008? Mmoja wa walioonya, mchambuzi Harry Markopolos, alianza kupeleka hesabu zake mwaka 2000, na mwaka 2005 akawasilisha waraka ambao kichwa chake chenyewe kilisema kwamba mfuko mkubwa kuliko yote duniani wa aina yake ni utapeli. Madoff alikamatwa tarehe 11 Desemba 2008, si kwa sababu alifumaniwa, bali kwa sababu fedha zilimwishia na akakiri kwa wanawe. Taarifa zake kwa wateja zilionyesha dola bilioni 65. Nyingi kati ya hizo hazikuwahi kuwapo.

Ripoti ya mkaguzi mkuu wa ndani wa SEC, David Kotz, ya mwaka 2009, inachoma moyo kuisoma. Wapelelezi walimhoji Madoff mwaka 2006, akawapa namba ya akaunti ambayo kwayo wangeweza kuuliza kituo kikuu cha kutunza hisa kama kweli ananunua na kuuza. Yeye mwenyewe alidhani siku zake zimekwisha. Hawakuuliza.

Waathirika waliishtaki serikali ya Marekani. Walishindwa katika mahakama kadhaa za rufaa, kwa sababu sheria inayoruhusu kuidai serikali kwa uzembe inaacha nje maamuzi ya hiari ya chombo cha umma: nani achunguzwe, lini, kwa kina gani. Mwaka 2013 majaji wa New York waliandika wazi kwamba wanawahurumia wadai na kwamba mwenendo wa SEC unawachukiza, kisha wakatupa kesi. Wateja wa Allen Stanford, tapeli mwingine wa mabilioni ya dola, walishindwa vivyo hivyo mwaka 2015.

Na hapa pia fedha zilirudi kwa mlango mwingine. Irving Picard, aliyeteuliwa kukusanya mali za Madoff, amekusanya zaidi ya dola bilioni 14, hasa kutoka kwa wale waliotoa fedha nyingi kuliko walizoweka.

ULAYA, AMBAKO MDHIBITI AMEWAHI KULIPA

Usidhani kinga hiyo ipo kila mahali. Nchini Italia, mwaka 2001, mahakama ya juu ya rufaa iliamua kwamba Consob, mamlaka ya masoko ya hisa, inaweza kudaiwa kwa uzembe na wawekezaji waliodanganywa na waraka wa mauzo ambao mamlaka hiyo haikuuhakiki. Bunge lilijibu mwaka 2005 kwa kupunguza makali: mdhibiti adaiwe tu akiwa amekusudia au amefanya uzembe mkubwa.

Ufaransa, tarehe 30 Novemba 2001, Baraza la Serikali, ambalo ndilo mahakama ya juu ya masuala ya utawala, liliiwajibisha serikali kwa kosa kubwa la wasimamizi wa mabenki katika kuanguka kwa United Banking Corporation. Serikali iliamriwa kulipa asilimia 10 ya hasara, kwa kuwa sehemu kubwa ya lawama ilikuwa ya benki yenyewe. Kwangu mimi huu ndio mpango wa haki kuliko yote niliyoisoma. Ofisa aliyekosea kwa nia njema analindwa, aliyelala usingizi wa wazi anawajibishwa, na mlipa kodi anabeba kipande kinacholingana na kosa la serikali yake tu.

Ujerumani ilichukua njia tofauti kwa kuandika katika sheria kwamba msimamizi wa mabenki hufanya kazi kwa manufaa ya umma pekee. Wateja wa benki ya BVH ya Düsseldorf walilipwa hadi ecu 20,000 kila mmoja, si kwa sababu ya usimamizi mbovu, bali kwa sababu Ujerumani ilichelewa kuingiza katika sheria zake mpango wa Ulaya wa bima ya amana. Walipotaka zaidi ya hapo, Mahakama ya Ulaya iliwaambia mwaka 2004 kwamba sheria ya Ulaya haiwapi haki hiyo.

LALAMIKO LILILOSHINDA KESI

Je, wajua kuwa barua kwa mbunge iliwahi kufanya ambacho mahakama haikufanya? Mwaka 1988 kampuni ya Barlow Clowes ya Uingereza ilianguka, na wawekezaji wapatao 18,000, wengi wao wastaafu, wakabaki mikono mitupu. Kampuni hiyo ilikuwa na leseni ya wizara ya biashara na viwanda. Badala ya mahakama, wabunge walipeleka malalamiko kwa mchunguzi wa malalamiko wa Bunge, Sir Anthony Barrowclough. Desemba 1989 alieleza kasoro za kiutawala za wizara hiyo moja baada ya nyingine. Serikali ilikataa kwamba inadaiwa kisheria, lakini ikatoa pauni milioni 150. Njia hiyohiyo ilitumiwa na wateja wa bima ya Equitable Life, ambao mwaka 2010 serikali iliwatengea pauni bilioni 1.5.

Kisa cha karibu zaidi ni London Capital & Finance, iliyoanguka Januari 2019 na pauni milioni 237 za watu 11,625. Kampuni ilikuwa na leseni ya shughuli fulani, ila hatifungani ilizouza hazikuwa chini ya usimamizi wa leseni hiyo. Matangazo yake yaliweka jina la mdhibiti mbele, na wanunuzi wakaamini kila kitu kimekaguliwa. Ripoti ya Dame Elizabeth Gloster ya mwaka 2020 ilimlaumu mdhibiti waziwazi. Mdhibiti ana kinga ya kisheria dhidi ya madai ya fidia, kwa hiyo serikali ilianzisha mpango wake wa kuwalipa waathirika.

NA HUKU KWETU

Tarehe 13 Oktoba 2015 Imperial Bank ya Kenya iliwekwa chini ya usimamizi na Benki Kuu. Siku hiyohiyo hatifungani yake ya shilingi bilioni 2, iliyokuwa imepata kibali cha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ilipangwa kuanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Walioinunua walikuwa wamesoma waraka uliopita mikononi mwa wadhibiti.

Tanzania nayo inaikumbuka DECI, kampuni ya upatu ya mwaka 2009, ambayo wanachama wake waliambiwa "wapande mbegu" ili "wavune". Haikuwa na leseni yoyote ya kupokea amana. Viongozi wake, wachungaji, walitiwa hatiani mwaka 2013 katika Mahakama ya Kisutu.

Anayefikiria kuidai Serikali ya Tanzania ajue kwamba sheria inataka kwanza itolewe notisi ya siku 90. Mlango mwingine, usio na ada ya wakili, ni malalamiko ya utawala mbovu: Tanzania yanapelekwa kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na Kenya kwa Tume ya Haki ya Utawala. Kwa yale niliyoyasoma ya Barlow Clowes, ningeanza hapo.

Kabla ya kuweka fedha mahali, uliza mambo mawili: leseni hii inaruhusu shughuli gani hasa, na je, fedha yangu ina bima ya amana? Bima hiyo kwa sasa inamlipa mteja mmoja katika benki moja iliyofungwa hadi shilingi 500,000 nchini Kenya, shilingi milioni 7.5 Tanzania na shilingi milioni 10 Uganda. Hisa, hatifungani na upatu havimo.